Glasi za shampeni kwa baa na sherehe: zipi hudumu, na kwa nini zako zinavunjika

*Swali: "Nina baa ndogo karibu na ufuo hapa Mombasa, na mwisho wa wiki ninakodisha vyombo vya harusi na hafla za kampuni. Hasara yangu kubwa ni glasi za shampeni. Kila sherehe zinarudi pungufu, na nyingine nazikuta zimepasuka kabatini wakati hakuna aliyezigusa. Mara ya mwisho nilinunua nene nikiamini zitavumilia, lakini hizo nazo zimeanza kumegeka midomo na kuingia ukungu. Muuzaji mmoja ananihimiza ninunue 'Tritan' akisema hazivunjiki kabisa. Mwingine anasema glasi zilizokazwa kwa joto ndizo za biashara. Rafiki yangu ananishauri nihamie plastiki. Bei zinatofautiana sana. Ninunue zipi?"*

Ndugu msomaji, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna matatu: glasi ya aina gani inafaa, kwa nini glasi ipasuke bila kuguswa, na kama bei kubwa ina faida yoyote. Nitaanza na la katikati, kwa kuwa ukilielewa hilo mengine mawili utaweza kuyaamua mwenyewe hata pale dukani, muuzaji akiwa amesimama mbele yako na maneno yake matamu.

Kioo kikiwa kipya na uso wake haujaguswa kina nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kinachokimaliza ni mikwaruzo midogo ya usoni, mingi yake haionekani kwa macho. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith ndiye aliyelieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1920: ufa mdogo hukusanya mvuto wote kwenye ncha yake, kiasi kwamba nguvu ambayo kioo kizima kingeistahimili bila shida inatosha kuusogeza ufa huo mbele. Muuza vitambaa hufanya vivyo hivyo anapokukatia mita mbili. Hutia mkasi pindoni kidogo tu, kisha huchana kilichobaki kwa mikono. Glasi zako hutiwa mkasi huo kila mara zinapogusana, iwe kwenye trei, kwenye beseni la kuoshea au ndani ya katoni iliyo nyuma ya pikapu. Unyevu nao husaidia ufa kusonga polepole, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Ndiyo maana glasi iliyogongwa Jumamosi usiku inaweza kukaa kabatini hadi Jumanne ndipo ipasuke yenyewe. Haikupasuka bila kuguswa. Iliguswa siku tatu kabla.

Kutokana na hilo utaona kwamba unene peke yake hauwezi kuwa kinga. Mdomo mnene, hasa ule uliokunjwa ukawa kama ushanga, kweli hustahimili kugongwa kuliko mdomo mwembamba uliokatwa na kulainishwa, na kwa kazi yako hiyo ni sifa nzuri. Lakini tumbo na kitako vikiwa vinene, tatizo huhamia kwenye joto. Kioo hupitisha joto polepole, kwa hiyo uso wa kioo kinene hubadilika kabla ya ndani kubadilika, na pande hizo mbili huanza kuvutana. Kupozwa ghafla ni kubaya zaidi kuliko kupashwa ghafla, kwa sababu uso unaopoa hunywea na kuivuta wazi mikwaruzo yake. Glasi iliyotoka kwenye mashine ya kuoshea vyombo bado ina moto, ikamiminiwa shampeni iliyotoka kwenye barafu, huwa imewekwa katika hali mbaya kuliko zote. Ile iliyogandishwa kwenye friza ili ipendeze na kisha kutumbukizwa kwenye maji ya moto ya kuoshea haina hatari kubwa kiasi hicho, lakini nayo huvunjika mara nyingi vya kutosha kukutia hasara.

Kabla hujanunua chochote, nakuomba kwa muda wa mwezi mmoja uache kutupa vigae bila kuvitazama. Weka daftari na kalamu karibu na karo, na kila glasi inapovunjika iandikwe imevunjikia wapi na ilikuwa katika hatua gani. Glasi ndefu ya shampeni ina sehemu nne, yaani mdomo, tumbo, mguu na kitako, na kila sehemu husimulia kisa chake. Mdomo uliomegeka kwa kipande kidogo cha umbo la kucha karibu daima umegonga bomba, au glasi nyingine, au ukuta wa beseni. Mguu uliokatika pale unapokutana na tumbo umenyongwa wakati wa kukausha: mfanyakazi ameshika kitako kwa mkono wa kushoto, ameingiza kitambaa tumboni kwa mkono wa kulia, kisha amezungusha mikono miwili kwa njia tofauti. Mguu wa milimita chache hauwezi kuhimili hilo, hata ukiwa wa kioo cha bei gani. Afisi ya kukodisha vyombo inaweza kupunguza hasara kwa kiasi kikubwa kwa kumfundisha mtu mmoja tu kwamba ukikausha tumbo, shika tumbo. Ukikausha kitako, shika kitako. Ufa mrefu unaopanda tumboni au kuzunguka kitako bila alama ya kugongwa ni dalili ya joto. Glasi iliyoanguka mezani huvunjika vipande vingi, na hiyo ndiyo pekee unayoweza kumlaumu mgeni kwa haki. Wenye biashara wengi huamini wageni ndio wavunjaji wakubwa. Daftari likishajaa, kwa kawaida lawama huhamia jikoni na kwenye gari.

Sasa tuje kwenye aina za kioo, maana hapo ndipo wauzaji wamekuchanganya.

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Magadi hayo ni ya aina ile ile inayochimbwa Ziwa Magadi na kupita bandarini hapo kwenu kwenda nchi za nje. Ni kigumu vya kutosha, ni rahisi, na kwa baa yenye mauzo ya kasi si chaguo la aibu hata kidogo. Kristali ya zamani ni kitu kingine. Kwa kanuni ya Ulaya ya mwaka 1969, kioo huitwa kristali ya risasi (yale madini mazito, kwa Kiingereza 'lead') kikiwa na angalau asilimia 24 ya oksidi ya madini hayo. Risasi hukipa mng'aro na mlio mzuri, lakini hukifanya kiwe laini na rahisi kukwaruzika, na siku hizi hakuna sababu ya kukinunua kwa ajili ya biashara. Viwanda vingi vimehamia kristali isiyo na risasi, ambamo mng'aro hutokana na madini kama bariamu, zinki au titani. Nyingine kati ya hizo zimebuniwa mahsusi kwa mahoteli, na licha ya wembamba wake hustahimili mashine na mikwaruzo kuliko kioo cha kawaida. Kwa hiyo dhana kwamba "kristali ni laini, kioo kinene ni kigumu" ilikuwa na ukweli zamani, lakini leo inaweza kukupotosha.

Kuhusu Tritan, muulize muuzaji wako anamaanisha kitu gani hasa, kwa sababu jina hilo linatumiwa kwa bidhaa mbili zisizo na udugu wowote. Kampuni ya Ujerumani iliyojulikana kwa jina la Schott Zwiesel hulitumia kwa kristali yake isiyo na risasi, yenye oksidi za titani na zirkoni. Hicho ni kioo cha kweli, kizuri na kigumu, lakini kikianguka kwenye sakafu ya vigae kitavunjika kama kioo kingine chochote. Kampuni ya Marekani ya Eastman nayo hulitumia kwa plastiki ngavu ya jamii ya kopoliesta, na hiyo ndiyo isiyovunjika ikianguka. Mtu anayekuuzia ya kwanza kwa sifa za ya pili ama hajui bidhaa yake ama anatumaini wewe huijui. Igonge kwa ukucha usikilize mlio, kisha ipime uzito mkononi, nawe utajua umeshika ipi.

Glasi zilizokazwa kwa joto hupashwa kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha uso wake hupozwa kwa kasi kwa kupuliziwa hewa. Uso huganda kwanza, ndani hunywea baadaye na kuubana uso, na mikwaruzo iliyobanwa hivyo haifunguki kwa urahisi. Hilo ni jambo la kweli, si maneno ya biashara: glasi hizo hustahimili kugongwa na mabadiliko ya joto mara kadhaa zaidi ya zile za kawaida. Lakini zina masharti mawili ambayo muuzaji hatayataja usipouliza. Kwanza, ni vigumu kuukaza mguu mwembamba sawasawa na tumbo, hivyo katika glasi za mguu baadhi ya viwanda hukaza mdomo au tumbo tu. Uliza kama imekazwa glasi nzima, na kama hapati jibu, chukulia kwamba ni mdomo pekee. Pili, glasi iliyokazwa haitoi onyo. Mkwaruzo ukipenya ule uso uliobanwa, yote hulipuka kwa mara moja na kuwa vipande vidogo vidogo, kama ujuavyo kwenye madirisha ya pembeni ya magari. Vipande hivyo haviachi majeraha marefu, lakini hutawanyika mbali, na ikitokea juu ya meza ya chakula itakubidi uondoe kila kilichokuwa wazi.

Rafiki yako naye hajakosea kuhusu plastiki, ila amesahau kutaja mahali. Kando ya bwawa la kuogelea, kwenye boti na mchangani ambako wageni hutembea pekupeku, mimi nisingepeleka kioo cha aina yoyote, hata mteja akisisitiza. Kigae cha kioo kilichozama mchangani hakiokotwi. Hungoja mguu wa mtoto. Lakini plastiki unayohitaji ni ya kutumika tena na tena. Glasi za kutupa baada ya matumizi moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo ukiziingiza ufuoni utakuwa umemtafutia mteja wako taabu. Kati ya zile za kudumu, polikaboneti ndiyo ngumu kuliko zote, lakini hutengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuiondoa katika vyombo vinavyogusa chakula. Baadhi ya hoteli hazitaki tena kuisikia. Kopoliesta haina kemikali hiyo na inatosha kabisa kwa kazi yako. Akriliki inapendeza ikiwa mpya, kisha joto na pombe huitia nyufa ndogo kama utando wa buibui, kwa hiyo iache dukani. Plastiki zote hukwaruzika na kufifia mapema kuliko kioo, na kwenye meza kuu ya harusi ya ukumbini mteja ataiona tofauti kabla hujamaliza kupanga.

Baada ya kuamua aina, tazama umbo, na hapa nitasema wazi kwamba umbo lina uzito kuliko chapa. Glasi ya shampeni ni ndefu na nyembamba, na ikijazwa uzito wake huwa juu, kwa hiyo kitako chake kiwe kipana kuliko tumbo, na urefu usizidi sana sentimita 22 kwa matumizi ya trei na upepo wa baharini. Mguu uwe umevutwa kutoka kwenye tumbo lenyewe, si uliogundishwa. Pitisha kidole pale vinapokutana, na ukihisi tuta au mstari, jua kwamba hapo ndipo itakapokatikia. Mdomo uwe mpana kiasi cha kuingiza brashi bila kulazimisha. Glasi zile nyembamba mno, ambazo mkono hauingii na kitambaa husukumwa kwa mpini wa kijiko, huvunjika wakati wa kuoshwa na pia huacha mabaki ya sukari chini, jambo ambalo litakusumbua zaidi kwa kuwa harusi nyingi za huko hutumia juisi ya zabibu yenye mapovu badala ya shampeni. Umbo lililotanuka kidogo katikati na kurudi ndani mdomoni ni rahisi kusafisha na hata wajuzi wa mvinyo hulipenda zaidi, kwa sababu harufu hupata nafasi. Zile pana na fupi mfano wa bakuli, ambazo zimerudi katika fasheni, huachia gesi upesi na humwagika mgeni akigeuka kusalimia. Zikodishe kwa picha tu. Ujazo wa mililita 170 hadi 210 unatosha, kwani hutajaza zaidi ya mililita 100 hadi 125. Kwa kipimo cha 125, chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita. Kwa kipimo cha 100 hutoa saba, na wageni mia moja utawahudumia kwa chupa 15.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu litakuokolea fedha kuliko uchaguzi wowote wa kioo: nunua kreti za kuoshea zenye vyumba kabla ya kununua glasi, kisha tafuta glasi zinazoingia humo. Kreti za kawaida ni za mraba wa sentimita 50 kwa 50, zenye vyumba 16, 25, 36 au 49. Chumba cha kreti ya 36 kina upana wa zaidi kidogo ya sentimita 7, na cha 49 karibu sentimita 6. Nenda dukani na rula, upime sehemu pana kuliko zote, ambayo mara nyingi ni kitako wala si mdomo. Pima pia urefu, ili uongeze fremu za juu mpaka glasi izame yote na kreti nyingine iweze kukaa juu yake bila kuigusa. Glasi ioshwe, ikauke, ihifadhiwe, isafirishwe na irudi ikiwa katika kreti hiyo hiyo. Kwa utaratibu huo mkono wa mtu huigusa inapotolewa kwa mgeni na inaporudishwa, na glasi mbili hazikutani kamwe. Magazeti na katoni za dukani ni za kuleta mzigo mpya, si za kufanyia kazi kila wiki kwenye barabara zenye matuta.

Ukungu ulioutaja unaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya viwili, na jaribio lake ni la dakika chache. Loweka glasi moja kwenye siki nyeupe. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji, jambo la kawaida pwani ambako maji ya visima hupita katika mawe ya matumbawe. Dawa yake ni kichujio cha kulainisha maji kwenye mashine. Usipotoka, uso wa kioo umeliwa na sabuni kali na joto, na hakuna kitakachourudisha. Glasi ya namna hiyo pia imedhoofika, kwa hiyo iondoe. Mashine iliyopangwa kwa sahani husuuza kwa nyuzi 82 hadi 85, ilhali glasi huhitaji takriban 65. Kama unatumia mashine moja kwa vyote, osha glasi kwa programu yake, tena kwanza, kabla ya sahani zenye mafuta. Zikitoka, ziache zipoe mpaka zishikike kwa raha. Na sugulio la waya lisiguse glasi hata mara moja.

Bei ipime kwa idadi ya safari, si kwa kipande. Tuseme, kwa mfano tu, glasi ya shilingi 200 hutoka mara 40 kabla ya kuvunjika, na ya shilingi 600 hutoka mara 200. Ya kwanza imekugharimu shilingi tano kila safari, ya pili tatu. Lakini daftari lako likionyesha kwamba nyingi zinapotea au zinaanguka sakafuni badala ya kumegeka taratibu, hesabu hiyo inageuka, kwa sababu glasi ghali nayo huanguka mara moja tu. Katika hali hiyo ya rahisi ndiyo yenye akili. Ningekuwa katika nafasi yako, ningegawa akiba yangu hivi: kwa baa, glasi za kawaida zenye mdomo uliokazwa na mguu mfupi; kwa harusi za ukumbini, kristali isiyo na risasi iliyotengenezwa kwa mahoteli; kwa ufuo na boti, kopoliesta. Chagua toleo ambalo muuzaji ana uhakika wa kuliagiza tena mwakani, maana glasi kumi za umbo tofauti katika meza ya mia moja huonekana kuliko zile tisini nyingine. Omba sampuli mbili au tatu, uzioshe kwa mashine yako kila siku kwa wiki mbili, kisha ndipo uagize.

Kuna mambo ambayo maelezo ya maandishi hayatoshi. Glasi zikipasuka ndani ya mashine zaidi ya mara moja au mbili kwa mwezi, mwite fundi apime joto la kusuuza kwa kipimajoto chake mwenyewe na akague kichujio cha maji. Namba inayoonyeshwa na mashine si ya kuaminika kila wakati. Glasi ikivunjika karibu na chombo cha barafu, barafu yote imwagwe na kuyeyushwa kwa maji ya moto, chombo kifutwe na kukaguliwa kwa tochi kabla ya kujazwa tena, hata kama foleni ya wateja imefika mlangoni. Na barafu ichotwe kwa kijiko chake, kamwe si kwa glasi. Mfanyakazi aliyekatika kiganjani au kwenye kifundo cha mkono, akawa anahisi ganzi kidoleni au hawezi kukikunja, asifungwe kitambaa na kurudi kazini. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani kioo hukata mishipa ya fahamu na kano kupitia jeraha linaloonekana dogo, na pia hubaki ndani. Daktari ajulishwe kwamba kilichomkata ni kioo ili aamue kuhusu picha ya eksirei na sindano ya pepopunda.